Gogo la Mkwaju na Mishikaki ya Bi Riziki

Jomvu Kuu, jioni, kesho wasafiri

Mwanangu Saumu,

Kwa huzuni kubwa na heshima zote zinazostahili, nakutangazia kifo cha gogo la mkwaju, lililokuwa gogo la kukatia nyama, mkaazi wa ua wetu wa nyuma. Limefariki leo saa nne asubuhi kwa shoka, baada ya kuugua mpasuko kwa muda mrefu. Marehemu ameacha mjane mmoja, yaani mamako, aliyekuwa akimkalia kila Jumamosi akifua. Ameacha pia kuku wawili waliozoea kulala ubavuni mwake. Maziko yamefanyika jikoni, chini ya sufuria ya wali, na moto unawaka vizuri. Habari ziwafikie jamaa wote wa Changamwe, Kisauni na Likoni, na wasijisumbue kuja.

Umecheka? Haya. Sasa tulia, maana babako hana mzaha zaidi ya huo, au ninao lakini nitajaribu kuufunga.

Mambo ya sweta, ya kufunga sanduku kwa kamba, ya kutomkabidhi mtu mzigo wako pale stendi, mamako ameyasema mara tatu na ya nne yaja kesho asubuhi. Mimi sina la kuongeza. Sweta sijavaa maishani, na Nairobi nimefika mara moja tu, nikarudi na mafua. Lakini nina neno moja, na wanijua: nikiwa na neno zito hulizunguka kama paka aliyeona sahani ya mgeni. Basi nitalitaja sasa hivi, nisije nikalikimbia. Neno lenyewe ni juu ya Bi Riziki wa nyumba ya tatu, ambaye wewe una miaka kumi na moja humwamkii ila kwa midomo ya nje. Kosa la yule mama nataka kulirudisha kwa mwenyewe.

Wewe hukumbuki duka letu la Changamwe lilivyokuwa ulipokuwa mdogo. Umelijua likiwa limepakwa kijani, na nyama upande huu, samaki upande ule. Zamani lilikuwa jeupe, na gogo lilikuwa moja. Nami nilikuwa na jina mjini: Mbwana Msafi. Walinipa wafanyikazi wa viwandani, wale waliokuwa wakitoka zamu na kunijia na mifuko yao ya karatasi. Nilivaa koti jeupe kama daktari, na tumbo langu likiwa mbele linanitangaza. Nilibadilisha koti mara mbili kwa siku. Kila asubuhi niliweka chetezo kwenye kona nikafukiza udi, na nzi walitoka mbio kama watu waliokuja harusini bila ya kualikwa. Mteja akiingia hasikii harufu ya damu wala ya shombo, asikia harufu ya bibi harusi. Nikiwaambia, "Karibuni, hapa hata ng'ombe mwenyewe angependa kurudi." Wakicheka, wakinunua.

Na maji, sasa. Maji ya mfereji Changamwe yalikuwa yakija yapendapo. Wenzangu wakilia na ndoo tupu, mimi nikiwacheka, maana nilikuwa na akili yangu. Nilichota maji ya bahari pale kwetu chini, madumu mawili, nikayafunga kwenye baiskeli nikayapeleka dukani. Maji ya bahari ni tohara. Nimefundishwa hivyo tangu chuoni nikiwa sina meno ya mbele. Nikajiambia, maji yanayofaa kutilia udhu mtu akasimama mbele ya Mola wake, yatashindwa na samaki kama changu na papa? Tena yana chumvi, na nani asiyejua chumvi yahifadhi? Basi niliwaosha samaki kwa maji yale, na samaki aliyelala aliamka, macho yakametameta kama ya mtu aliyeitwa jina lake. Niliosha nyama. Niliosha kisu, mizani, gogo. Nilikuwa na kitambaa kimoja cheupe kikipangusa vyote hivyo, na Mungu anisamehe, siku za jua kali kikipangusa na uso wangu.

Nyama asubuhi, samaki tangu adhuhuri, gogo lile lile. Katikati, kata mbili za maji ya bahari na kitambaa. Ukiniuliza wakati ule ni nani msafi kupita wote pwani hii, ningeona haya kidogo, kisha nikajitaja.

Sasa ile Alhamisi. Ulikuwa darasa la kwanza. Ulitoka skuli na pakiti ya maziwa ya Nyayo mliyogawiwa bure, ukaja dukani, kisha jioni tukarudi nyumbani pamoja kwa baiskeli, wewe mbele juu ya chuma. Kwenye kona ya njia ya Jomvu tukampita Bi Riziki na jiko lake, akipepea. Ukashuka kabla sijasimama. Akakupa mshikaki mmoja, akakupulizia kwanza usiungue mdomo. Hayo unayakumbuka, maana ndiyo tuliyokusimulia.

Kabla ya adhana ya alfajiri ulikuwa ukitapika. Kufika saa moja ulikuwa huna cha kutapika, na choo kilikuwa maji matupu. Mwanangu, nimewahi kuona samaki wengi wakifa, nisiogope. Lakini hospitali daktari aliifinya ngozi ya tumbo lako akaiachia, na ngozi ikabaki imesimama vile vile, kama kitambaa kilichokunjwa. Macho yako yalikuwa yameingia ndani. Ulikuwa watutazama kwa mbali sana, kama mtu aliye ng'ambo. Siku nne chupa ya maji ilining'inia juu yako, na mamako alilala sakafuni chini yake.

Daktari aliuliza, "Amekula nini?"

Mamako akajibu haraka, "Mshikaki. Wa njiani. Wa Riziki."

Daktari akanitazama mimi. Nikasema, "Labda."

Neno dogo. Nimelitumia maisha yangu yote dukani: labda kesho watakuja kamba, labda mvua itanyesha. Lile la siku ile halikuwa dogo, lakini lilitoka kwa njia ile ile, kwa ulimi ule ule, bila kukwama popote.

Hospitali ikampelekea habari Bwana Afya. Alikuwa kijana wa bara, mrefu, mpole, na Kiswahili chake kilikuwa kimekuja kwa gari la moshi na kupoteza mizigo kadhaa njiani. Nilimpenda. Alianza kwa Bi Riziki. Alikuwa na vijiti vyenye pamba kwenye ncha, akasugua sinia lake, akachukua mshikaki uliotoka motoni, kisha akamwuliza nyama anunua wapi. Bi Riziki, Mungu amjaze kheri, akanyosha mkono kwa fahari: "Kwa Mbwana Msafi. Sinunui kwengine hata nikifa."

Basi akanijia. Nilimpokea kwa kahawa. Akatoa vijiti vyake akaanza kulisugua gogo, kwenye nyufa na kwenye vilindi ambamo kisu kilikuwa kimechimba kwa miaka. Nikamwambia, "Bwana, wataka kulisafisha masikio gogo langu?" Wateja wakavunjika mbavu. Yeye akatabasamu, akachovya kijiti kingine ndani ya ndoo yangu, akakitia kwenye kichupa, akaandika. Nilimfungia na vipande viwili vya nguru vya kwenda navyo. Hakuvichukua. Nikadhani ana haya.

Baada ya wiki akaniita ofisini kwake. Nilivaa koti jipya.

Huko utakakokwenda kusomea maabara, nasikia mwezi wa kwanza tu mtaonyeshwa visahani vile. Ni vya kioo, vidogo, vyembamba, na vifuniko vyake. Ndani mna kitu kilichoganda kama faluda, chakula cha vijidudu wenyewe. Mimi nilionyeshwa nikiwa na umri wa miaka thelathini na minane, na mpaka leo nikila faluda huviona.

Akaweka cha kwanza mezani. Kilikuwa kitupu karibu, vidoa viwili vitatu, kama mtu aliyepiga chafya mbali. "Hiki ni cha yule mama," akasema. "Sinia na nyama."

Nikatikisa kichwa kwa huruma, nikingoja kuambiwa kuwa vidoa vile viwili ndivyo vilivyotaka kukuua.

Akaweka cha pili. Saumu, kilikuwa kimejaa. Hapakuwa na mahali pa kuweka ncha ya sindano. Madoa yamepandana, mengine ya kijivu, mengine manjano, yanang'aa kwa unyevu kama ngozi ya kitu kilicho hai. Na kwa kweli kilikuwa hai. Nilirudi nyuma na kiti changu.

"Yaa Rabi! Hiki cha wapi?"

"Ubao wako."

"Mimi sina ubao. Nina gogo."

"Gogo lako, mzee." Akaweka cha tatu, kibaya zaidi. "Na hii ndoo."

"Umechanganya. Hiki umekitoa chooni."

"Chooni sikupima," akasema taratibu. "Lakini umejua kwao. Hawa wengi wao hukaa matumboni mwa watu. Hutoka kwa choo, huingia kwa maji. Hayo maji ya ndoo umechota wapi?"

"Baharini."

"Wapi baharini?"

Nikamwambia. Akaniuliza kama nyumba zilizojengwa pale juu zina vyoo. Nikasema zina vyoo, zitakosaje. Akaniuliza mvua ikinyesha mitaro ya huko yaelekea wapi. Hapo nikapaona. Nilipita pale kila siku na madumu yangu, nikaruka mtaro ule kwa mguu wangu, nikapandisha kikoi usirowe, kisha nikainama hatua ishirini mbele nikachota.

Lakini sikukubali hivi hivi. Nilimwambia, "Hayanuki!"

"Hawanuki."

"Nafukiza udi kila siku!"

"Nao wanaufurahia pamoja nawe."

"Bwana wee, maji ya bahari ni tohara! Hiyo ni dini!"

Akavua miwani. "Mzee, mimi sibishani na dini yako. Sikupima tohara. Nilipima vijidudu."

Nilitoka pale nikaenda kwa maalim aliyenisomesha, nikitaraji anitetee. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sisi tulikwambia utie udhu. Nani alikwambia usuuzie utumbo?" Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Mimi sikuweza.

Sijui nikuelezee vipi mshtuko ule. Si kwamba niliambiwa mimi mchafu. Mamako huniambia hivyo kila nikivua viatu. Ni kwamba usafi wangu ndio uliokuwa ukiwalisha watu uchafu. Kila kata ya maji niliyomwaga kwa moyo safi, kila mpanguso wa kile kitambaa. Mchafu wa kweli, asiyeosha kitu, huenda alikuwa na afadhali kuliko mimi. Kwa miezi sikuweza kumpa mtu mkono bila kuona visahani viganjani. Na lililonikata maini ni hili: watu niliowauzia. Nilikumbuka nyuso. Yule mwenye mtoto mchanga aliyependa maini. Yule mzee wa bohari la mafuta aliyenunua kamba kila Ijumaa, akapotea mwezi mzima, akarudi amekonda akisema ni malaria. Wangapi waliharisha kwa mkono wangu wakalaumu maembe, wakalaumu mvua, wakalaumu jicho la jirani? Sitajua. Ulimwengu huu sitajua.

Kabla sijatoka ofisini mle Bwana Afya aliniuliza jambo moja. Alikuwa amekwisha kufunika visahani, kalamu iko mkononi. "Mtoto wako siku ile alikula chochote dukani kwako?"

Nikasema, "Hapana."

Akaandika.

Nilifanya yote aliyoniamuru, hilo naomba unihesabie. Nilifunga duka wiki nzima. Gogo niliambiwa nilitupe, nikanunua mbao mbili, moja ya nyama na moja ya samaki. Maji ya mfereji, yametiwa dawa, na siku yasipokuja duka halifunguliwi. Samaki juu ya barafu. Kitambaa kile nilikichoma. Lakini watu walipouliza mbona umefunga, nikasema napaka rangi. Na nikapaka kweli, kijani, mara mbili! Nilipofungua wakaja kuisifu rangi. Bwana Afya alihamishwa mwaka ule ule, na karatasi zake zikaenda zilikokwenda.

Gogo nililileta nyumbani. Nilimwambia mamako limezeeka. Kwa nini sikulitupa, mwanangu, mimi mwenyewe nimejiuliza. Nadhani nilitaka liwepo mahali nitakapoliona kila nikienda kuoga, liniangalie.

Na Bi Riziki? Alikuja hapa, jioni moja baada ya wewe kutoka hospitali. Amejitanda kanga, amekuletea machungwa. Mamako alimkuta mlangoni. Nami nilikuwa nyuma ya mamako.

"Mama Saumu, Bwana Afya amenijia tena. Asema changu chote ni safi. Nimeona nije nikwambie mwenyewe, moyo wako utulie."

Mamako akamwambia, "Bwana Afya hakulala sakafuni hospitali. Nimelala mimi."

"Wallahi, mama Saumu, mimi mwana huyu ni wangu."

"Mwana wako hungemlisha uozo."

Bi Riziki akanitazama mimi juu ya bega la mamako. Alikuwa angoja, maana nyama ilikuwa yangu, na mimi Mbwana Msafi. Neno langu moja lingetosha. Nikayatazama makubadhi yangu. Yalikuwa mapya. Nakumbuka mishono yake yote.

Machungwa mamako aliyarudisha.

Baada ya hapo jiko lake halikumaliza mwezi. Alikaa pale konani na makaa yanawaka na watu wanapita upande wa pili. Watoto wakamwita Bi Sumu. Akaliacha jiko, akashika kusuka ukili wa mikeka, na ndiyo kazi aliyonayo mpaka leo, vidole vimekauka kama miwaa anayosukia. Wewe ulipokuwa na miaka kumi, kwenye harusi ya binamu yako, alikupa sahani ya biriani mbele za watu, nawe ukasema kwa sauti yako ile kali, "Mama amenikataza kula mkononi mwako." Watu wakacheka. Nami nikacheka, Saumu. Kicheko changu nakijua, ni kikubwa, chasikika mbali. Alikisikia.

Unaniuliza mbona leo. Leo mchana ulitusomea barua ya chuo, masomo utakayosoma, na ukafika kwenye lile la vijidudu. Ukacheka ukasema, "Baba, nikirudi likizo wa kwanza kumpima ni Bi Riziki!" Mamako akacheka. Mimi nikarudisha tonge sahanini. Asubuhi nilikuwa nimelipasua gogo kwa sababu ya kuni tu, wallahi, bila nia nyingine, nikajisifu kwamba sasa limekwisha. Ndipo nilipojua kwamba halikwisha, nimekupa wewe ulibebe. Unaondoka kesho umelibeba, pamoja na sweta.

Nikatoka mezani, nikaenda nyumba ya tatu.

Alikuwa barazani na ukili wake. "Karibu, babake Saumu. Mtoto ndiyo aenda?"

"Ndiyo aenda."

"Mungu amfikishe salama. Mimi sikuja kumuaga. Nisije nikamtia nuksi."

Nikamwambia yote, nimesimama, kofia mkononi. Mikono yake haikuacha kusuka.

"Wewe Msafi," akasema. "Mimi Sumu. Miaka kumi na moja."

"Kumi na moja, Bi Riziki. Nisamehe."

"Hapa barazani? Mimi na wewe, na mbuzi wa jirani shahidi? Uzushi ulikuwa wa mji mzima, na samahani iwe ya kunong'onezwa?" Akauweka ukili chini. "Kaandike. Kama ulivyonieleza. Tena usitie huo mzaha wako, maana ukiutia watu watacheka, na wakicheka wewe umepona. Mpe mtoto kabla hajaondoka. Mwambie mkeo leo leo. Na mimi uniletee nakala yangu, niibandike pale konani nilipokuwa nikichoma."

Nikajaribu, nakiri, nikajaribu: "Bi Riziki, mwandiko wangu wajua, hata mimi haunisomekei."

Hakucheka. "Utasomeka," akasema.

Mamako nimemwambia saa kumi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alinitazama kama aliyeletewa mgeni. Kisha akajitanda, akachukua machungwa yote yaliyokuwa ya safari yako, na ameelekea nyumba ya tatu. Bado hajarudi. Ndiyo maana wali nauangalia mimi, na ukila umeungua leo, sababu ni hiyo.

Sikuandikii ili uje unitetee, wala sikutumi kwake. Kesho asubuhi utakuwa na nafasi kabla ya basi, na miguu ni yako. Ninalokuomba ni moja: siku utakapokaa mbele ya kisahani na mtu mbele yako anangoja jibu, na wewe walijua, usiseme labda. Mimi nimekuwa mcheshi wa mji huu miaka mingi, na kila nilipochekesha watu nilikuwa najua naficha nini nyuma yake. Kazi hiyo inachosha. Usiirithi.

Haya sasa yanayofuata ndiyo aliyoyataka Bi Riziki. Nimeyaandika mara mbili kwa mkono mmoja, hii yako na ile yake, bila tofauti.

Siku ile ya Alhamisi Saumu alifika dukani kwangu saa tisa mchana. Nilikuwa nimemaliza kupasua pweza na kumenya kamba juu ya gogo nililokatia nyama tangu asubuhi. Nilisuuza kisu katika ndoo ya maji ya bahari niliyoyachota juzi yake. Kisha nikakata embe bichi juu ya gogo lile, vipande vinne, nikatia chumvi na pilipili. Saumu alikula vitatu, mimi kimoja. Jioni alikula mshikaki mmoja wa Bi Riziki, uliotoka motoni. Mimi sikula mshikaki. Alfajiri Saumu alianza kutapika. Mimi nami niliharisha siku mbili, katika choo cha hospitali, nikamwambia mamake ni hofu. Kwa hivyo nilijua kabla ya kuonyeshwa kisahani chochote. Nilipoulizwa na daktari nilisema labda. Nilipoulizwa na Bwana Afya nilisema hapana. Nyama ya Bi Riziki ilitoka dukani kwangu ikiwa chafu, na yeye aliisafisha kwa moto wake. Hakumdhuru mtu yeyote, siku ile wala siku nyingine. Aliyemlisha mtoto sumu ni mimi, na aliyeacha jina hilo apewe mwingine ni mimi.

Saumu hakuliomba embe lile. Nilimwita mimi.

Mbwana, babake Saumu